Zana ya wakala inayofuta vigeu vya mazingira: mkono mwepesi, nyaraka pungufu

Kwa miezi minne sasa ofisi yetu ndogo ya Mombasa imekuwa ikitumia zana inayomwezesha wakala wa akili mnemba, yaani programu inayoagizwa kwa maneno na kutenda kazi yenyewe, kufuta vigeu vya mazingira katika akaunti ya upangishaji wa tovuti, na tathmini hii inaihusu zana hiyo pamoja na nyaraka zinazokuja nayo. Nyaraka naziweka mbele kwa makusudi. Katika programu ya kawaida mtu huzifungua nyaraka anapokwama, na pengine asizifungue kabisa. Katika zana ya wakala, maandishi hayo husomwa kabla ya kila uamuzi, na jambo lisiloandikwa humo wakala hana pa kulijulia isipokuwa kwa kubahatisha. Jina la mtengenezaji nimeliacha, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimeziona kwa watengenezaji zaidi ya mmoja, na sitaki msomaji adhani kwamba akimhama huyu amepona.

Kwa asiyeshinda na mambo haya kila siku, kigeu cha mazingira ni jina lenye thamani ambalo programu hulipokea kutoka nje ya msimbo wake inapoanza kazi. Utaratibu huu ni mkongwe, ulikuwamo katika Unix toleo la 7 la mwaka 1979, lakini kilichoufanya uwe desturi ya watu wa tovuti ni mwongozo wa Twelve-Factor App ulioandikwa na wahandisi wa Heroku, kampuni ya upangishaji, mwaka 2011, uliotaka mipangilio ikae katika mazingira na isichanganywe na msimbo. Ndiko inakokaa nywila ya hifadhidata, ndiko zinakokaa funguo za malipo, ndiko inakokaa anwani ya seva ya barua pepe. Hufutwa kwa sababu halali kabisa: mteja amebadilisha kampuni ya ujumbe mfupi, ufunguo wa zamani umebaki unaning'inia, na kila ufunguo uliosahaulika ni mlango ambao hakuna anayeulinda. Kumpa wakala kazi ya kufagia si wazo baya. Mimi mwenyewe ndiye niliyelileta ofisini.

Zana yenyewe ni nyepesi. Husakinishwa kwa dakika chache, huhitaji tokeni moja tu, yaani ufunguo wa kuingilia, ya akaunti ya upangishaji, na ombi lake hurudi na jibu kabla kikombe cha kahawa hakijafika mdomoni. Katika miezi hiyo minne haijashindwa hata mara moja kufuta ilichoambiwa ifute. Maelezo yake, nikiyatafsiri kutoka Kiingereza bila kupunguza kitu, ni haya: «Hufuta kigeu cha mazingira kutoka kwenye mradi.» Ni maneno saba. Baada ya hapo vinafuata vigezo viwili, vyote vya lazima. Cha kwanza kinaitwa kitambulisho cha mradi na maelezo yake ni «Kitambulisho cha mradi». Cha pili kinaitwa kitambulisho cha kigeu na maelezo yake ni «Kitambulisho cha kigeu». Pakiti ya chumvi dukani hueleza zaidi ya hapo.

Zana nyingi za namna hii sasa hufuata itifaki ya Model Context Protocol, yaani kanuni za pamoja za mawakala kuzungumza na zana, ambayo kampuni ya Anthropic iliitangaza Novemba 2024 na ambayo watengenezaji wengi wa programu za mawakala wameipokea. Kila zana hujitambulisha kwa jina, kwa maelezo ya maneno, na kwa orodha ya vigezo inavyovitaka pamoja na aina ya kila kimoja, na hayo ndiyo yanayowekwa mbele ya modeli, yaani akili mnemba inayomwongoza wakala, pale inapochagua la kufanya. Tangu toleo la Machi 2025 la itifaki hiyo, mtengenezaji anaweza pia kuambatisha vidokezo vinne: iwapo zana husoma tu bila kubadili kitu, iwapo inaweza kuharibu, iwapo kuirudia kwa vigezo vilevile hakuongezi athari mpya, na iwapo inagusa mambo yaliyo nje ya mfumo wake. Waandishi wa itifaki walikuwa waangalifu, kwani zana isiyosema lolote kuhusu uharibifu huchukuliwa kuwa inaharibu, na programu inayoitumia imeagizwa isivitegemee vidokezo vya seva isiyoaminika.

Laiti zana hii ingenyamaza. Badala yake imeandika wazi kwamba destructiveHint ni false, yaani haiharibu. Nilimwandikia mtengenezaji kuuliza sababu, nikajibiwa kwa adabu kwamba kigeu kilichofutwa kinaweza kuundwa upya wakati wowote, hivyo hakuna kilichoharibika. Kwa hesabu hiyo hata nyumba iliyobomolewa haijaharibika, maana mafundi wapo. Athari ya neno hilo moja si ya nadharia. Programu tunayomwendeshea wakala huangalia kidokezo hicho ili kuamua kama itasimama na kuomba ruhusa ya binadamu. Ilipoona false, haikusimama.

Nieleze yaliyotupata, kwa kuwa ndiyo yaliyonifundisha kuzisoma nyaraka hizi kwa jicho la pili. Mmoja wa wateja wetu ni mama anayeuza leso katika Mtaa wa Biashara, na duka lake la mtandaoni hupokea malipo kwa M-Pesa kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha programu na malipo. Mteja akibofya kulipa, simu yake hupokea ujumbe wa kumtaka aingize PIN. Ili ombi hilo likubaliwe, seva yetu hutengeneza nywila kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo wa siri na muda wa ombi, kisha mfuatano huo hugeuzwa kuwa Base64, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu ambayo mtu yeyote anaweza kuigeuza nyuma. Ufunguo huo wa siri ndio uliokuwa katika kigeu kiitwacho MPESA_PASSKEY.

Siku ya Jumanne nilimwagiza wakala aondoe vigeu visivyotumika katika mazingira ya majaribio ya mradi huo, yaani upande wa kujaribia, si ule halisi unaotumiwa na wanunuzi. Alifanya kazi kwa utaratibu ambao ungemletea sifa hata kijana mpya ofisini: aliorodhesha vigeu, akatafuta kila jina ndani ya msimbo, na jina ambalo hakuliona popote akaliweka katika kundi la kufutwa. Sasa msimbo wetu wa malipo, ambao niliuandika mwenyewe nikiwa na haraka na nikidhani nafanya werevu, haulitaji jina la MPESA_PASSKEY kwa ukamilifu. Huliunda kwa kuunganisha neno MPESA_ na neno lingine linalotoka kwenye orodha. Wakala hakuliona, akaamua halitumiki, akaliita kwa kitambulisho chake na kulifuta. Hapo kosa ni langu, na sitalisukumia mtu. Lakini nilikuwa nimetamka mazingira ya majaribio, nikalala usingizi nikiamini kwamba hata kosa likitokea litaishia huko. Katika mfumo tunaoutumia, ingizo moja la kigeu linaweza kuhudumia mazingira yote kwa pamoja likiwa na kitambulisho kimoja. Kukifuta kitambulisho hicho ni kuling'oa ingizo zima, majaribio na halisi. Zana haina kigezo cha mazingira, na nyaraka zake hazikumwambia wakala kwamba haina, wala kwamba agizo langu haliwezi kutimizwa kwa kulifuta ingizo, bali kwa kulihariri.

Kisha pakawa kimya. Jumatano duka lilipokea malipo, Alhamisi lilipokea malipo, kwa sababu toleo lililokuwa hewani lilijengwa kabla ya kufuta na lilikuwa bado linazibeba thamani za zamani. Ijumaa alasiri mwenzangu alibadilisha picha ya ukurasa wa mbele, akapandisha toleo jipya, na dakika chache baadaye simu yangu ikalia. «Mwanangu,» akasema mama wa leso baada ya kuniitikia shikamoo yangu, «mteja amesimama mbele yangu na simu mkononi, na hiyo PIN haiulizwi. Mmefanya nini huko?»

Tulichofanya hakikuonekana mara moja, na hili nalieleza kwa kina kwa sababu ndilo jambo ambalo mwandishi wa nyaraka za zana inayofuta vitu vya watu anapaswa kulijua. Seva haikuanguka. Ukurasa ulifunguka, kikapu kilijaa, tokeni ya Daraja, ambayo hudumu kwa saa moja, ilitolewa bila kipingamizi, kwa kuwa hiyo huombwa kwa funguo nyingine ambazo hazikuguswa. Ombi la malipo tu ndilo lililokataliwa. Nilichukua nywila iliyokuwa katika kumbukumbu za seva, nikaigeuza kutoka Base64, nikakuta neno la Kiingereza limekaa katikati ya tarakimu. Ukilirudia zoezi hilo kwa namba ya majaribio ambayo kila msanidi wa Daraja anaijua, yaani 174379, utaona mfuatano unaoanza hivi: 174379undefined2025, na kuendelea kwa mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. JavaScript, lugha ya msimbo wetu, ikikosa kigeu hailalamiki; ukiiambia iunganishe maneno, huandika undefined kwa utulivu na kusonga mbele. Ufunguo tuliupata katika barua pepe ya zamani ya mama mwenyewe, tukaurudisha, tukapandisha toleo tena. Baina ya simu yake na malipo ya kwanza kupita palipita karibu saa mbili za Ijumaa, siku ambayo Mtaa wa Biashara hauhitaji kuelezwa.

Siku tatu zile kati ya kufuta na kuumia ndizo zinazonifanya niikosoe nyaraka kuliko msimbo wa zana. Tungeumia Jumanne, tungelijua la Jumanne. Ijumaa kila mtu aliishuku picha ya ukurasa wa mbele, na mwenzangu maskini aliirudisha ile ya zamani mara mbili.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya kampuni ya upangishaji, na nyaraka za zana haziwezi kurudia kila kitu. Nimezipitia nyaraka za kampuni tatu mashuhuri ili nione kama maneno yale saba yanaweza kweli kubeba maana moja kwa zote, na jibu ni hapana. Kwa Vercel, kigeu huwekewa mazingira kinayoyahudumia, Production, Preview na Development, na ingizo moja laweza kuyabeba yote matatu. Ombi la kufuta kupitia API, yaani mlango ambao programu huutumia kuzungumza na programu nyingine, hulenga kitambulisho cha ingizo, na kampuni yenyewe imeandika bayana kwamba mabadiliko ya vigeu hayagusi matoleo yaliyokwisha kupandishwa, yanahusu yajayo tu. Amri yao ya vercel env rm humwuliza mtumiaji athibitishe kabla ya kufuta, na anayetaka kuruka swali hilo lazima aandike --yes kwa mkono wake. Wakala anayepitia API haulizwi na mtu, maana swali lile linakaa kwenye terminali, dirisha ambamo binadamu huandika amri.

Netlify wana mpangilio mwingine. Ombi lao la kufuta hubeba akaunti na jina la kigeu, huku kitambulisho cha tovuti kikiwa ni cha hiari. Ukikitaja, unafuta kigeu cha tovuti hiyo, na usipokitaja, unashughulika na kigeu kinachoshirikiwa katika akaunti ya timu. Kwa binadamu anayesoma, neno «hiari» ni unafuu. Kwa wakala ambaye maelezo ya zana hayakumwambia maana ya kuacha pengo, hiari hiyo ni tofauti kati ya kufuta ufunguo wa duka moja na kufuta ufunguo wa maduka yote unayoyahudumia. Kuna pia ombi la pekee la kufuta thamani moja ya muktadha fulani na kukiacha kigeu kibaki, na zana ya wakala isiyolitaja ombi hilo humsukuma wakala achukue shoka pale panapotosha kisu.

Heroku nao wamekwenda njia yao. Katika API yao hakuna kufuta kwa maana ya kawaida: unatuma marekebisho ya vigeu na kukipa kile unachokiondoa thamani ya null, yaani tupu. Jambo hilo huunda toleo jipya lenye namba yake na kuiwasha upya programu papo hapo, kwa hiyo ukikosea utaumia dakika ileile. Lakini pia unaweza kurudi nyuma, kwa sababu heroku rollback huirudisha programu kwenye msimbo na vigeu vya toleo ulilolitaja, ingawa haigusi data iliyomo kwenye hifadhidata. Naam, kwa jirani huyu kufuta ni tukio la sasa hivi lenye mlango wa kurudia, na kwa wale wawili wa kwanza ni tukio linalosubiri upandishaji unaofuata. Maelezo yaleyale, «Hufuta kigeu cha mazingira kutoka kwenye mradi», yakiwekwa juu ya mifumo mitatu hii, yanaeleza mambo matatu yasiyofanana hata kwa saa ya kutokea.

Kuna kasoro nyingine ambayo mwanzoni niliihesabu kuwa fadhila. Baada ya kufuta, zana hii hurudisha ingizo lililofutwa pamoja na thamani yake. Ijumaa ile nilipokumbuka hilo nilifurahi, nikasema ufunguo tutaukuta katika mazungumzo ya wakala. Kisha nikatulia nikafikiri. Thamani ikirudishwa kwa wakala, imeingia katika mazungumzo, na mazungumzo hutumwa kwa seva ya modeli, huhifadhiwa katika kumbukumbu, na wakati mwingine huonwa na kila mwenzako mwenye ruhusa ya kuufungua mradi. Ufunguo uliofutwa kwa sababu umezeeka hauna madhara makubwa ukionekana. Ufunguo uliofutwa kwa makosa, ambao bado unafungua akaunti ya mtu, ni habari nyingine. Kwa bahati, au kwa uangalifu wa mwenzangu, kigeu chetu kilikuwa kimewekwa katika daraja la siri lisilosomeka tena baada ya kuhifadhiwa, hivyo kilichorudi kilikuwa pengo. Bahati hiyohiyo ndiyo iliyotufanya tuutafute ufunguo katika barua pepe ya mama wa leso. Nyaraka hazitaji lolote kati ya haya mawili: hazisemi kwamba thamani ya kawaida itaingia katika mazungumzo, wala hazisemi kwamba thamani ya siri ikifutwa hakuna anayeweza kuisoma ili airudishe.

Kwa kuwa seva ya zana tunaiendesha wenyewe, niliyaandika upya maelezo yake. Nayaweka hapa kwa Kiswahili, ingawa yaliyomo kwenye seva ni ya Kiingereza, ili msomaji ayapime na yale maneno saba: «Hufuta ingizo zima la kigeu cha mazingira kwa kitambulisho chake. Ingizo moja linaweza kuhudumia mazingira kadhaa, na kufuta huliondoa katika yote. Iwapo umeagizwa kuondoa katika mazingira mojawapo tu, usitumie zana hii, tumia ile ya kuhariri ingizo. Kabla ya kuita, orodhesha vigeu na utaje kwa mtumiaji jina la kigeu, mazingira yote kinayoyahudumia na aina yake, kisha usubiri akubali. Kutoonekana kwa jina katika msimbo si ushahidi kwamba halitumiki. Thamani ya aina ya siri haiwezi kusomwa wala kurejeshwa. Athari haionekani hadi toleo jipya lipandishwe, hivyo tovuti kuendelea kufanya kazi baada ya kufuta hakuthibitishi kwamba kufuta kulikuwa salama.» Kidokezo cha uharibifu nikakirudisha kuwa true. Kile cha kurudia nacho nikakiweka true, kwa kuwa kuifuta mara ya pili hakuondoi kingine, japo jibu la mara ya pili huwa ni 404, yaani hakipatikani. Na katika maelezo nikaongeza kwamba 404 baada ya kufuta ina maana kwamba kazi imekwisha, isije wakala akaanza kutafuta kigeu kingine kinachofanana na hicho ili apate cha kufuta. Jambo hilo la mwisho nimelishuhudia katika mradi wa majaribio, nalo liliniogopesha kuliko lile la Ijumaa: mradi ulikuwa na SMS_KEY na SMS_KEY_2, cha kwanza kikiwa kimefutwa tayari, na wakala alipopata 404 aliorodhesha upya, akakiona cha pili, akaanza kujieleza kwamba huenda ndicho kilichokusudiwa. Nilimkatiza.

Baada ya maandishi hayo mapya nililirudia zoezi la Jumanne kwenye nakala ya mradi mara kadhaa. Wakala yuleyule, kwa agizo lilelile, sasa alianza kwa kuorodhesha, akaniambia kwamba MPESA_PASSKEY ni ya siri na inahudumia mazingira halisi pia, akauliza kama nataka kuliondoa jina la majaribio tu kutoka katika ingizo. Sikubadilisha modeli, sikubadilisha programu, sikuongeza mstari mmoja wa msimbo katika kazi ya kufuta.

Hata hivyo, kwa maandishi peke yake sikuridhika. Julai 2025 wakala wa Replit, jukwaa la kuundia programu, alifuta hifadhidata halisi ya Jason Lemkin, mwanzilishi wa SaaStr, jumuiya ya wafanyabiashara wa programu, katika kipindi ambacho alikuwa ameshaagizwa asibadilishe kitu, kisha akadai kwamba data haiwezi kurejeshwa, ilhali ilirejeshwa. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi hadharani na kutangaza kutenganisha hifadhidata za uundaji na zile halisi. Agizo lilikuwapo, limeandikwa, na halikutosha. Kwa hiyo tathmini ya zana ya kufuta haiwezi kuishia kwenye maelezo. Lazima iulize tokeni inaruhusu nini. Na hapa tena nyaraka za zana yetu zinapwaya. Ukurasa wa kuanzia unamwelekeza mtumiaji atengeneze tokeni yenye ruhusa zote za akaunti, bila kutaja kwamba inaweza kufungwa kwa timu moja au kuwekewa tarehe ya kwisha. Kwetu sasa tokeni ya wakala ni ya akaunti iliyotengwa, yenye miradi ya majaribio peke yake, na huisha kila mwezi. Miradi ya wateja haimo.

Mengine ni madogo. Bei si kikwazo, kwa kuwa seva yenyewe haina malipo na gharama iko katika matumizi ya modeli. Ujumbe wa makosa ni mfupi lakini mkweli. Mifano ndani ya nyaraka ni miwili, yote ikimwonyesha mtumiaji aliyefaulu, na sikuona hata mmoja wa aliyekosea. Ukurasa wa mabadiliko ya matoleo unatunzwa vizuri, jambo ambalo watengenezaji wengi hulipuuza, na hilo nawasifu kwa dhati.

Nikiulizwa kama zana hii inastahili kutengewa muda, nitajibu kwa kuangalia nani anauliza. Ofisi yenye mtu anayeweza kuandika upya maelezo ya zana, kuibana tokeni na kuweka nakala ya vigeu mahali salama kabla ya kufagia, itapata msaidizi mzuri wa kazi inayochosha. Mtu anayeisakinisha jioni akitumaini kwamba nyaraka zitamlinda, namshauri aendelee kufuta vigeu kwa mkono wake kwenye ukurasa wa mipangilio, ambako angalau ataona majina ya mazingira yakiwa yamepangwa kando ya kila kigeu. Msimbo wa zana naupa nyota nne kati ya tano, na nyaraka zake nyota moja.

Maandishi yangu mapya niliyatuma kwa mtengenezaji wiki mbili zilizopita, pamoja na maelezo ya yale yaliyotokea Ijumaa ile, ila jina la duka sikulitia. Alinishukuru, akasema sentensi kuhusu mazingira ni nzuri na wataizingatia. Toleo nililolipakua jana lina sentensi hiyo, na mstari wa chini yake bado unasema destructiveHint: false.